CHAI YA SERIKALI NA TOZO YA RAIA



Iko kanuni moja ya biashara ambayo haikuandikwa na wataalamu wa Dodoma wala haikuletwa na mabingwa wa kutoka ng'ambo. Kila mwenye duka anaijua, awe ana duka la jumla Darajani au kibanda cha sukari ya kupima hapa Tlawi, katika nchi ya Mbulu. Kanuni yenyewe ni hii: duka likianza kuyumba, mwenye duka hutazama kwanza matumizi ya nyumba yake kabla hajaigusa bei ya sukari. Hupunguza kitoweo, huahirisha kununua kanzu mpya, huacha kupanda gari pale anapoweza kwenda kwa miguu. Akishindwa hata baada ya hayo, hapo tena huwageukia wateja na kuwaambia kwa adabu kwamba bei imepanda, nao humwamini kwa kuwa wameyaona magoti ya suruali yake yalivyochakaa.

Twaiandika makala hii kuuliza kwa nini kanuni hiyo, ambayo mchuuzi wa vitunguu swaumu anaielewa, imekuwa nzito kwa Serikali iliyojaa madaktari wa uchumi. Na tutauliza kwa ushahidi wa maneno na vitendo vya Serikali yenyewe, pasina kumsingizia mtu wala kumtukana.

Tarehe 31 Machi 2021 Mheshimiwa Dkt. Mwigulu Nchemba alikabidhiwa Wizara ya Fedha. Mwezi wa Juni mwaka huo akasoma bajeti yake ya kwanza, yenye jumla ya shilingi trilioni 36 na zaidi. Ndani ya bajeti hiyo mlikuwamo kitu kipya, nacho ni tozo ya miamala ya simu. Ilipofika tarehe 15 Julai 2021 tozo ikaanza. Kila aliyetuma pesa kwa simu alikatwa, na kila aliyezitoa alikatwa tena, toka shilingi 10 mpaka shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, kwa kadiri ya fedha zenyewe.

Tuipime tozo hiyo kwa mizani ya haki. Kodi ya mapato humkata mtu katika faida. Ushuru wa bidhaa humkata mtu katika kile anachokula au kuvaa. Ama tozo hii ilimkata mtu kwa sababu amempa mwenziwe. Mtoto aliyeko Arusha akifanya kibarua akampelekea mama yake wa Tlawi fedha za dawa, hapo hapana faida iliyopatikana wala bidhaa iliyouzwa. Pana wema wa mtoto kwa mzazi, basi. Na fedha hizo zimekwisha kukatwa ada ya kampuni ya simu, ambayo ndani yake mna kodi ya Serikali toka zamani. Juu ya hayo ikaja tozo, mara moja katika kutuma na mara ya pili katika kutoa.

Wenye kuishi mijini, walio na benki mlangoni na gari la kuendea, huenda hawakuuona uchungu wake upesi. Huku kwetu simu ndiyo benki. Mkulima wa mahindi na maharagwe akimwuzia mnunuzi wa mbali hulipwa kwa simu. Mwalimu akitaka kumsaidia nduguye hutuma kwa simu. Mwanafunzi wa bweni hupelekewa nauli kwa simu. Na maneno ya kawaida kabisa katika nchi hii, "nitumie na ya kutolea," yaligeuka kuwa maneno mazito, kwa kuwa ile "ya kutolea" ilipanda hata ikawatia watu haya kuiomba.

Sisi wenye maduka tulio mawakala tuliyaona hayo juu ya meza zetu. Watu walirudi kwenye mambo ya kale. Mtu huifunga noti katika karatasi, huiandika jina, humpa dereva wa basi au jirani anayesafiri, na humwomba Mungu ifike. Makampuni ya simu nayo yalieleza kwamba biashara ya miamala ilishuka baada ya tozo kuanza. Serikali iliyokuwa ikihubiri miaka nenda miaka rudi kwamba fedha zipite katika mitambo zionekane, ndiyo iliyowafukuza watu kutoka katika mitambo hiyo ikawarudisha kwenye bahasha na mito ya kulalia.

Ndugu zetu wa Visiwani wanaweza kusema: hiyo Tlawi iko wapi, nayo yatuhusu nini? Twawajibu kwamba Tlawi ni kata ya Mbulu, katika Mkoa wa Manyara, yenye ziwa la jina hilo hilo, na baridi ya milimani ambayo mtu wa pwani haizoei upesi. Lakini shilingi ni moja. Mtu aliyeko Tlawi akimtumia mzazi wake aliyeko Wete fedha za sikukuu, zilikatwa kwanza huku zilikotumwa. Uhaba wa pesa za mzee wa Kipemba ulianza katika hotuba ya Dodoma kama ulivyoanzia humo uhaba wa bibi wa Kiiraqw. Mkoba uliotobolewa ni mmoja, na wenye kuubeba ni sisi sote.

Raia walipiga kelele. Kabla ya siku chache kupita baada ya tozo kuanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza itazamwe upya, na mwisho wa Agosti 2021 ikatangazwa kwamba itapunguzwa kwa asilimia 30. Tulidhani Wizara imefunzwa. Mwezi wa Juni 2022 Waziri akapunguza kiwango cha juu kutoka shilingi 7,000 mpaka shilingi 4,000, na tukamshukuru. Lakini kwa mkono wa pili akaitandaza tozo ile ikafika mpaka kwenye miamala ya benki. Mfanyakazi ambaye mshahara wake umekwisha kukatwa kodi kabla haujamfikia, akakatwa tena anapokwenda kuuchukua. Ikafika Agosti 2022, kelele zikawa kubwa kuliko za mwaka uliopita.

Hapa ndipo tunapowaomba wasomaji wetu wasimame na watazame vizuri.

Tarehe 20 Septemba 2022 Mheshimiwa Waziri alisimama Bungeni akatangaza kwamba tozo nyingi za benki zinafutwa na nyingine zinapunguzwa, kuanzia tarehe 1 Oktoba. Alipoeleza pengo la fedha litazibwa vipi, alisema Serikali itabana matumizi yake, na akayataja: chai, vitafunwa, safari, semina, mafunzo, matamasha na mengine ya namna hiyo.

Alhamdulillahi, tumesikia kwa masikio yetu. Kumbe fedha zilikuwapo! Zilikuwa ndani ya birika. Zilikuwa katika sahani za sambusa, katika ukumbi wa semina, katika posho ya safari ambayo mwenye kusafiri angeweza kuandika barua na ikatosha. Basi twauliza, na twaona tuna haki ya kuuliza: Jee, chai hiyo ilianza kunywewa Septemba 2022? Semina hizo ziliota usiku mmoja kama uyoga? Ikiwa zilikuwa za kukatwa mwezi wa Septemba, kwa nini hazikukatwa mwezi wa Julai wa mwaka uliotangulia, kabla ya kukatwa fedha za dawa za mama wa Tlawi?

Hapana jibu isipokuwa moja. Serikali iliwaendea raia kwanza kwa kuwa raia wako mbali na meza, na ikaiacha chai kwa kuwa chai iko juu ya meza yenyewe. Mwenye kugawa nyama alipotakiwa kupunguza, alianza na sahani za waliokaa mlangoni.

Watatokea watu watuambie: "Nyinyi mnasema kwa sababu hamkuona kazi iliyofanywa na tozo. Tozo imejenga vituo vya afya." Hilo ni kweli, na sisi si watu wa kuficha kweli. Serikali ilieleza kwamba vituo vya afya 234 vilijengwa kwa fedha hizo katika tarafa za nchi hii, na madarasa pia. Mama mjamzito aliyekuwa akibebwa juu ya pikipiki usiku, akapata kituo karibu na kwao, hatuwezi kumwambia kwamba hakupata kitu. Amepata, na tunafurahi kwa ajili yake.

Lakini tuna maneno mawili. La kwanza, bati na tofali havimzalishi mtu. Anayezalisha ni mkunga, na mkunga hulipwa mshahara kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, hata baada ya utepe kukatwa na wapiga picha kuondoka. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikieleza upungufu wa watumishi wa afya mara kwa mara. La pili, ikiwa kituo cha afya kilikuwa jambo la lazima, na hapana shaka kilikuwa la lazima, basi kilistahiki kujengwa kwa fedha ya kwanza ya Serikali. Chai ndiyo iliyostahiki kungojea tozo. Vipi jambo la kuokoa roho lipewe fedha za kubahatisha za ya kutolea, na vitafunwa vipewe fungu lenye uhakika?

Tuendelee. Katika hotuba hiyo ya bajeti ya Juni 2022, Mheshimiwa Waziri alilitaja jambo la magari ya Serikali. Alieleza kwamba kuyanunua, kuyatia mafuta na kuyatengeneza kunaila hazina zaidi ya shilingi bilioni 500 kwa mwaka, na akapendekeza kwamba maafisa wengi wakopeshwe magari wayatunze wenyewe, na magari ya Serikali yabaki kwa wachache wenye dharura ya kazi. Tulimpigia makofi tukiwa huku huku dukani. Mtu akitunza gari lake halipitishi katika kila shimo, wala haliwashi injini nusu saa ili apate ubaridi wakati anamngojea mwenziwe.

Lakini neno likitoka katika kinywa cha Waziri wa Fedha huwa ni ahadi juu ya mali ya watu, nayo hudai hesabu. Twataka tuone kwa tarakimu: magari mangapi yameondoka katika daftari la Serikali toka siku ile? Mafuta yamepungua kwa shilingi ngapi, na shilingi hizo zimekwenda wapi? Na ile chai ya Septemba, ilikatwa kwa kiasi gani, katika wizara ipi? Wazee walisema mali bila daftari huisha bila ya khabari. Raia alipokatwa tozo, ujumbe ulimfikia katika simu yake saa ile ile, ukionyesha mpaka shilingi ya mwisho iliyoondoka. Serikali nayo inapojikata, na itutumie ujumbe.

Sasa tuje kwenye utumishi, kwani matumizi ya Serikali na watumishi wake ni mapacha, na hawezi mtu kumsafisha mmoja akamwacha wa pili na uchafu.

Mwaka 2016 ulianza msako wa watumishi hewa. Wakuu wa Mikoa waliagizwa kuhesabu, na Mkuu wa Mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, aliyesema mkoani kwake hamna hata mmoja, aliondolewa mwezi wa Aprili. Ilipofika Mei 2016 waliotangazwa walikuwa wamezidi 10,000. Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Waziri wa Utumishi wa wakati ule, Mheshimiwa Angellah Kairuki, alimkabidhi Rais John Magufuli ripoti ya uhakiki wa vyeti, na watu 9,932 wakatajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Wakaondoka.

Sisi hatumtetei mwenye kughushi. Aliyeweka cheti cha uongo amemdhulumu aliyekuwa na cheti cha kweli akakosa kazi. Wala hatumtetei mtu hewa. Lakini hewa hajiandikishi mwenyewe! Kila jina la uongo katika orodha ya mishahara lina mkono ulioliandika, mkono mwingine uliolipitisha, na mfuko uliopokea. Majina 10,000 hayawezi kuingia katika daftari la Serikali kwa upepo. Tulihesabiwa hewa hadharani, mkoa kwa mkoa, na tulikuwa na haki ya kuhesabiwa hadharani vivyo hivyo wenye saini na vyeo vyao, na hukumu iliyowafika. Hapo sauti ilikuwa ndogo sana.

Na papara ya kazi ile ilionekana baadaye. Walikuwako madereva, wahudumu na walinzi wa elimu ya darasa la saba walioondolewa pamoja na wengine, na Aprili 2018 Serikali hiyo hiyo ikaagiza kwamba walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warudishwe kazini, kwa kuwa hawakuwa na kosa. Mtu ametumikia miaka kumi na tano, akafukuzwa mbele ya watoto wake, kisha akaambiwa rudi, tulikosea hesabu. Na wale wa vyeti, ambao michango yao ya uzeeni ilikuwa imezuiliwa, waliruhusiwa kurudishiwa michango hiyo mwaka 2022, miaka mitano baada ya kuondolewa. Shilingi ya mtu aliyoikatwa katika jasho lake ni yake hata kama ana kosa jingine, na kuitambua kweli hiyo kusingehitaji miaka mitano.

Kwa ajili ya uhakiki huo, mwaka 2016 ajira mpya na upandishaji wa vyeo vilisimamishwa, na nyongeza ya jumla ya mishahara ikangojewa mpaka mwaka 2022, kima cha chini kilipopandishwa kwa asilimia 23.3. Julai 2025 kikapanda tena kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 mpaka shilingi 500,000. Hayo ni mema nasi twayakubali. Lakini tazameni mpango wa mambo: katika miaka yote ile mshahara wa mwalimu ulipokuwa umesimama, mafungu ya semina na vitafunwa yaliendelea kuandikwa katika vitabu vya bajeti, na ushahidi ni kwamba Septemba 2022 yalikuwapo bado, tena manene hata yakaweza kuziba pengo la tozo. Aliyeambiwa avumilie ni mwalimu wa Tlawi. Birika halikuambiwa kitu.

Siku hizi twasikia mengi juu ya mifumo ya kuwapima watumishi. Toka mwaka 2004 ulikuwako ule ulioitwa OPRAS, wa fomu za karatasi. Kisha ukaja PEPMIS, wa kompyuta, ambao mtumishi huingiza ndani yake kazi zake naye mkubwa wake akampa alama. Hatuna ugomvi na kompyuta. Twasema tu kwamba muuguzi anayefanya zamu ya watu watatu, kwa kuwa wawili hawakuajiriwa, hapungukiwi na alama. Amepungukiwa na wenziwe. Na tutafurahi sana siku tutakaposikia kwamba uko mfumo wa kumpima Waziri, wenye swali moja tu: ulisema utapunguza nini, na umepunguza nini?

Swali hilo lilikuwa na mwenyewe kwa mujibu wa sheria, naye ni Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, aliyewekwa na ibara ya 143 ya Katiba ya mwaka 1977 awe jicho la umma. Tukumbushane yaliyomfika. Ripoti yake ya mwaka wa fedha 2016/17 ilipotoka, ulizuka mjadala mkubwa juu ya shilingi trilioni 1.5, tofauti baina ya fedha zilizokusanywa na zilizoonekana kutolewa. Serikali ilitoa maelezo yake. Kisha Profesa Mussa Assad aliposema kwamba Bunge lina udhaifu katika kuzifanyia kazi ripoti zake, aliitwa kuhojiwa, na Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya kazi naye. Novemba 2019 akaondolewa katika nafasi yake. Desemba 2022 Mahkama Kuu ikasema kuondolewa kwake kulikuwa kinyume cha Katiba. Hukumu ilikuja baada ya miaka mitatu, na jicho lilikuwa limekwisha kutolewa.

Chuoni tulikosomea tulifundishwa kwamba kupunja mizani ni dhambi kubwa, iwe ni ratili moja ama gunia zima. Ndiyo maana maafisa wa vipimo huja madukani kwetu kukagua mizani, nasi hatujakutana tukaazimia kutofanya kazi nao.

Wako watakaotujibu kwamba Serikali ni chombo kikubwa na hakiwezi kuanza kujibana chenyewe. Historia ya nchi hii inawakanusha. Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana, Mwalimu Nyerere alianza na mshahara wake mwenyewe, akaukata kwa asilimia 20, na wakubwa wenziwe wakakatwa nao. Mtu anaweza kuwa na lake la kusema juu ya siasa ya Mwalimu, na sisi wa Visiwani tunayo yetu mengi, lakini siku ile kisu kilianzia juu. Na Novemba 2015 Rais Magufuli alizifuta sherehe za Uhuru, fedha zake zikapelekwa kwenye upanuzi wa barabara ya Mwenge na Morocco, Dar es Salaam. Basi mambo hayo yanawezekana. Ubaya wake ni kwamba yalitegemea hiari ya mtu mmoja. Mtu huyo akiondoka, au akighairi, birika hurudi mezani. Twataka liwe jambo la sheria, lisimame bila ya kutegemea tabia ya aliyekalia kiti.

Na msidhani kwamba watu wa Mbulu ni watu wa kupelekwa kama kondoo. Mwaka 1960 TANU ilipotwaa viti 70 katika viti 71 vya Tanganyika, kile kimoja kilichowaponyoka kilikuwa cha Mbulu, watu walipomchagua Herman Sarwatt aliyesimama peke yake dhidi ya mgombea wa chama. Na mwezi wa Mei 2022 Mbunge wa Mbulu Vijijini, Bwana Flatei Massay, naye ni wa chama kinachotawala, alipiga sarakasi ndani ya ukumbi wa Bunge kwa uchungu wa barabara ya lami iliyoahidiwa ya Mbulu na Haydom. Watu wengi walicheka. Sisi hatukucheka, kwani mbunge akiona kwamba maneno hayafiki mpaka miguu iwe juu na kichwa chini, basi ugonjwa haumo mwilini mwake. Umo katika masikio ya wenye kusikiliza. Mwezi ule ule wa Bunge lile ndio uliotangulia bajeti iliyoipeleka tozo benki.

Kwa hivyo twayaweka madai yetu wazi, mtu asije akasema kwamba sisi ni watu wa kulalama tu.

Kwanza, Waziri wa Fedha asiruhusiwe kuleta kodi wala tozo mpya Bungeni mpaka awe ameweka mezani, kwanza, orodha ya matumizi aliyoyakata katika mwaka unaokwisha, fungu kwa fungu na shilingi kwa shilingi. Katiba, katika ibara ya 138, imesema hapana kodi itakayotozwa ila kwa sheria ya Bunge. Na iongezwe kwamba hapana sheria ya kodi kabla ya hesabu ya kujibana.

Pili, zitangazwe hesabu za ile chai, vitafunwa, safari na semina za Septemba 2022, na hesabu za magari yaliyotajwa Juni 2022, zibandikwe mpaka katika ofisi za kata, kwa Kiswahili cha kueleweka.

Tatu, kila kituo cha afya kinapopangiwa fedha za ujenzi, kipangiwe katika waraka huo huo na mishahara ya wataokifanyia kazi.

Nne, uhakiki wa watumishi uanze na wenye kutia saini katika orodha za mishahara, ndipo uteremke kwa wenye kupokea.

Tano, ripoti za Mkaguzi Mkuu zijadiliwe upesi. Zile zilizowekwa Bungeni Aprili 2023 zilijadiliwa Novemba, na baina ya Aprili na Novemba bajeti nyingine nzima ilikuwa imekwisha kupitishwa kwa wale wale waliotajwa humo. Mwenye duka gani humwongezea mali msaidizi wake kabla ya kuisoma hesabu ya mali ya mwanzo?

Bajeti ya mwaka 2023 iliiondoa tozo ya simu katika kutuma, na kelele za raia ndizo zilizoiondoa. Lakini bajeti hiyo hiyo ilileta shilingi 100 juu ya kila lita ya mafuta, na shilingi 1,000 juu ya kila mfuko wa saruji wa kilo 50. Na kodi ya jengo, iliyoingizwa katika umeme wa LUKU mwaka 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, ikapanda ikawa 1,500, hata mpangaji asiye na jengo akawa anaikatwa anaponunua umeme wa taa moja. Mlango ulifungwa, na madirisha matatu yakafunguliwa.

Mheshimiwa Mwigulu Nchemba amepanda cheo. Toka Novemba 2025 ni Waziri Mkuu, na wizara zote, pamoja na ile ya Fedha aliyoiacha, ziko chini ya usimamizi wake. Twampa pongezi zinazostahiki cheo hicho, na twamkumbusha kwamba sasa hana wa kumsingizia. Mafungu ya chai anayajua kwa majina, kwa kuwa mwenyewe aliyataja. Magari anayajua kwa gharama zake, kwa kuwa mwenyewe aliyahesabu. Bajeti ya mwaka 2025/26 imefika shilingi trilioni 56 na zaidi, na hapana atakayetuambia kwamba ndani ya trilioni 56 hamna pa kukatwa.

Ikifika Juni, nasi tutakuwa mbele ya redio zetu hapa Tlawi, na daftari limefunguliwa, tukingojea kusikia kipi kimetajwa kwanza: birika la Serikali au mkoba wa raia.